Tiketi Moja

"Wawili?" kijana wa mlangoni aliniuliza,
akitazama nyuma yangu kana kwamba kuna mtu.
Mmoja, nikamwambia. Akanipa kikaratasi
kilichochanwa kwenye daftari la hisabati,
nyuma yake nusu ya jibu la mtoto wa watu:
*kwa hiyo x ni sawasawa na*

Newala, Jumamosi, saa nane na robo.
Ndoo nimeziacha zimepanga foleni bila mimi,
ya bluu mbele, ya njano yenye ufa nyuma yake.
Bi Somoe kasema atazisogeza.
Cherehani nimeifunika. Gauni la bibi harusi wa Mnyambe
litakaa na mkono mmoja mpaka Jumatatu.

Ndani, madirisha yamezibwa kwa magunia ya korosho.
Jua linachungulia kwenye matundu ya katani
na kututia sote madoadoa, kama manyoya ya kanga.
Benchi la tatu, pembeni, penye nguzo ya kuegemea.
Karanga za mia mbili mapajani,
na hakuna mkono mdogo wa kuzidokoa.

Sinema yenyewe sijui ya nchi gani.
Ismaili Nampoto, mtafsiri, kakalia debe lililopinduliwa,
kipaza sauti mkononi, na sauti zote ni zake:
tajiri, mpelelezi, mama mkwe, mbwa.
Wapenzi wananong'onezana ghorofani;
kwa mdomo wa Nampoto wanagombania
bei ya korosho daraja la pili.
Nacheka. Hakuna wa kunigeukia aone kama nimecheka.
Kumbe kicheko changu kina besi.
Nilikuwa nimekisahau.

Halafu yule dada wa kwenye picha
anafungua bomba bafuni, beseni refu kama mtu aliyelala.
Simu inaita. Anatoka. Anasimama dirishani
kulia yale machozi yao yasiyoharibu wanja.
Nyuma yake maji yanajaa,
yanapita ukingo,
yanashuka kwenye vigae, yanaingia zuliani,
na Nampoto, mwenye neno kwa kila kitu,
kanyamaza.

Ndipo banda zima, wapakia magunia,
watoto waliotoroka madrasa,
muuza mihogo na sinia lake,
na mimi, mimi niliyekuja kukaa peke yangu,
tukapaza sauti kwa pumzi moja:
"Dada! Funga bomba!"

Hakufunga.
Baada ya hapo nani alimuua tajiri
hatukujali tena.

Nilitoka saa kumi na moja, mwanga ukinichoma macho,
upepo wa juu huku ukinivuta mtandio,
chumvi ya karanga bado iko vidoleni.
Kile kikaratasi nimekitia kwenye sidiria, pamoja na noti.

Ndoo ya bluu ilikuwa ya nne kutoka bombani.
"Ulikuwa wapi muda wote huo?" Bi Somoe akauliza.

"Nilikwenda kuoga," nikamjibu.