Njiti ya Ufagio

Tone la kwanza lilianguka mtoni, upande wake,
saa tisa usiku, mvua ya kwanza ya Novemba.
Mihayo akageuza mto, akalala.
La pili likamfuata sikioni.

Tukavuta kitanda. Tukatega beseni.
Beseni likapiga kelele, nikatia tambara,
likanyamaza, likaendelea kujaa.

Kulipokucha akaanza kutaja majina.
Fundi Lugala, aliyeezeka miaka sita iliyopita
kwa misumari ya kuokoteza.
Watoto wa mama Nyanzala na mawe yao
yanayokosa embe yakapata nyumba yetu.
Geji thelathini, akasema, siku hizi ni karatasi.
Paka naye alitajwa.
Mimi nilikuwa nakamua tambara.

Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi.
Kuvuja kwa bati nafuu ya nani?
Labda ya mchwa. Nilimkuta ameshafika
mguuni mwa kabati, ametulia
kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.

Wiki nzima tuliziba pale juu ya kitanda:
lami, mpira, matusi kidogo.
Wiki nzima maji yalishuka palepale.
Usiku mmoja nikapanda meza na tochi, mvua ikinyesha,
nikaona:
tone halianguki lilipozaliwa.
Linatambaa chini ya bati, linashika papi,
linafuata mbao kama mgeni anayeulizia njia,
linavuka sebule, linapita juu ya picha ya harusi,
linafika kwenye fundo la mti, linachoka.
Hapo ndipo tulipolala sisi.

Jumamosi jua likatoka kali, Isevya nzima ikafuka mvuke.
Nikafunga milango. Nikaziba dirisha kwa kitenge.
Giza la mchana lina harufu yake:
vumbi, nta, nguo zisizokauka.
Nikainua uso.
Kule karibu na kofia, mbali kabisa na kitanda,
matundu manne ya mwanga,
yamekaa kwa mraba.
Mtoto hatupi mawe kwa rula.

Mihayo alikuwa juu, namsikia akikanyaga
kwa kufuata misumari, bati likilalamika.
"Wapi?"
"Kushoto."
"Kushoto kwako au kwangu?"
Miaka kumi na minne ya ndoa,
swali hilo bado halijapata jibu.

Nikachomoa njiti kwenye ufagio,
nikapanda meza, juu ya meza kigoda,
nikaipenyeza tundu la kwanza.
"Umeiona?"
Kimya.
Nikaichezesha.
Kimya kile nilikijua. Si cha mtu anayetafuta.

Antena.
Mwaka ule wa Kombe la Dunia alipanda mwenyewe,
hakutaka kumlipa mtu,
akapigilia kibao kwa misumari minne ya inchi tatu.
Mashindano yalipoisha aking'oa kibao,
aking'oa misumari, akashuka
anapiga mluzi.

"Nimeiona," alisema,
taratibu, kama mtu anayetia sahihi.

Sikusema kitu. Nilitaka sana kusema.
Maneno yalikuwa yamebanwa midomoni
kama misumari ya fundi aliye juu ya ngazi.
Badala yake nikapasha moto kwenye kopo
nta iliyobaki ya mizinga ya kaka yake, Sikonge,
nikakata tyubu ya baiskeli vipande vinne,
nikampandishia. Vidole vyetu vikagusana kwenye kopo,
vyote viwili vikaungua, tukacheka kwa uchungu.

Jumatatu alimpelekea fundi Lugala kilo mbili za sukari.
Hakueleza. Lugala hakuuliza.

Jumanne mvua ikarudi, kubwa, ya upepo.
Tulilala macho wazi, tunasikiliza.
Beseni lilikuwa palepale, kavu, na tambara lake.
Liko hapo hadi leo.
Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuliondoa.