Orodha ya Hokororo

Kompyuta aliileta shemeji yake kutoka Hamburg,
imeviringishwa ndani ya blanketi la mtoto.
Tukaiweka Mtaa wa Mkunguni, juu ya meza ya cherehani,
tukaandika ubaoni: BARUA, RISALA, KADI ZA HARUSI.

Ukitaka kufungua barua, kidirisha kinatokea.
Kitupu.
Kisha diski inakoroma, krr, krr,
kama mtu anayetafuta funguo kwenye droo ya vijiko,
na majina yanashuka, moja, subiri, jingine:
KODI. HARUSI1. MSIBA. MSIBA2.
Mteja anatazama saa. Mteja anatazama feni.
Ukikosea ukarudi nyuma, inaanza upya,
haikumbuki kwamba umeiuliza sasa hivi.

"Mashine haina akili hii," nikasema.
Hokororo akasema, "Akili inayo. Haiamini tu."

Alikesha siku tisa.
Nne kati ya hizo umeme ulikatika,
akaendelea kwa kalamu, kwa kibatari,
nyuma ya kadi za harusi tulizokosea majina.
Siku ya kumi akanikalisha. Bonyeza.
Sikusikia kitu. Majina yote yalishakaa,
yamejipanga kwa alfabeti
kama darasa lililoambiwa mkaguzi yuko mlangoni.

"Umefanyaje?"
"Nimeifundisha isiulize mara mbili.
Ikishasoma, orodha inabaki kwenye kumbukumbu.
Inajibu kutoka huko."

Wateja wakajaa hadi barazani.
Feni haikutazamwa tena.

Ijumaa moja akaja Bi Sikudhani kuchukua risala yake.
Jina lipo. Nikabonyeza.
Risala haipo.
Nilikuwa nimeifuta mwenyewe asubuhi ile,
kwa programu nyingine, nikitafuta nafasi,
na orodha haikupata habari.
Bi Sikudhani akanitukana kwa utaratibu, bila kupandisha sauti.
Hokororo alicheka hadi akakaa sakafuni:
"Ndiyo bei yake, ndugu yangu.
Ukitaka haraka, utapewa jibu la jana."

Mwaka wa tisini na tatu alikwenda Masasi kumuuguza mama yake.
Barua mbili.
Kisha hakuna.

Siku hizi pale ni duka la vioo.
Nikipita, muuza vitenge wa jirani huniita:
"Yule bwana wako wa kompyuta, hajambo?"

"Hajambo," nasema,
papo hapo,
bila kukoroma.