Matikiti Manane

Gauni la harusi ya Tima lilikataa mbavuni.
Fundi Maawia alivuta zipu, akavuta na pumzi zangu,
akaiacha katikati ya mgongo,
akasema kwa adabu ya watu wa Mkomani:
"Kitambaa hiki, mama, hakina subira."

Nikaelewa.

Wifi yangu Rukiya ndiye aliyenipa dawa:
tikiti maji siku saba, kingine haramu.
Asubuhi tikiti, adhuhuri tikiti,
usiku ukiota, uote tikiti.
"Mke wa Twalibu kapungua kilo sita," akasema,
wala hakusema zilirudi lini.

Nikaagiza manane kutoka Mpeketoni.
Sharifu Alwi akayaleta na punda wake, Kijiti,
mnyama wa mbavu za kuhesabika,
akayapanga uani chini ya ngazi
kama vichwa vya wageni waliokuja kulala.

Siku ya kwanza nilikuwa malaika.
Siku ya pili nilikuwa msafiri:
chumbani, chooni, chumbani, chooni.
Siku ya tatu, jamani.

Maana kazi yangu ni kukaanga.
Mwaka wa kumi na moja huu nakaanga viazi karai
pale Langoni, alasiri ikishasaliwa,
unga wa manjano, ndimu, pilipili ya kusaga.
Na mkaangaji huonja, ndiyo mizani yake.
Mimi ulimi nimeufunga kwa maji matamu,
chumvi naitia kwa kukisia.

Bwana Famau, mteja wangu tangu ana meno,
akauma kimoja, akanitazama taratibu:
"Dada, kuna msiba?"

Nikamwita Shufaa wangu, miaka tisa, anionjee.
Akaonja cha kwanza.
Akaonja cha pili kuhakikisha cha kwanza.
Cha tatu akasema bado hajaelewa vizuri.
Faida ya jioni ile ililala tumboni mwake.

Yangu mimi ililala na harufu ya mafuta kwenye nywele.
Ukuta wa pili, jirani anakwangua sufuria ya wali.
Mwiko unagonga chini, ukoko unabanduka,
nami nimeketi kitandani gizani
nahesabu mkwaruzo kwa mkwaruzo;
nilijua hasa alipofika kwenye ule wa pembeni
ulionywa tui ukakauka mwekundu.
Sijapata kumpenda mtu, wala kumchukia,
kama nilivyompenda mwanamke yule.

Siku ya tano nikaenda dukani kwa Athmani Shee
nikapanda mizani ya magunia.
Akasogeza jiwe, akarudisha jiwe, akafuta miwani:
"Kilo mbili na robo zimeondoka."
Nikatoka mwendo wa biharusi, shingo juu,
mpaka goti moja likasahau kazi yake
nikajikuta kwenye baraza la watu nisiowajua.
Bibi mmoja akatoka na mahamri mawili, mbaazi juu yake.
Hakusema kula.
Alisema, "Sahani nitaifuata baadaye."

Basi saba zangu zilikuwa tano.
Bibi yule sikumuuliza jina, mdomo ulikuwa na kazi.

Gauni Maawia alilipanua ubavuni
kwa kipande cha rangi nyingine kabisa,
na ukumbini wanawake wakaniuliza mtindo huo ni wa wapi.
Kilo mbili zilirudi fungate ya Tima haijaisha.
Robo sijaiona. Labda ingali njiani.

Ila maganda.
Maganda yote nilikuwa nayatupa mlango wa nyuma,
na yale matikiti mawili yaliyobaki pia,
sikutaka hata kuyatazama.
Juzi Sharifu Alwi kasimama pale na Kijiti,
anampapasa tumbo, anashangaa,
mkanda wa shogi kauvuta mpaka tundu la mwisho
na mkanda umekataa.

Nikamwambia ampeleke kwa Maawia.