Mlango wa Pili

Nesi wa Kitete aliniandikia nyuma ya kadi ya dawa:
Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Cheyo,
darasa la chekechea, mlango wa pili.
Hakuandika ni mkutano wa nani.
Nilimshukuru kwa hilo.

Nakaa Gongoni. Cheka tu,
kila mtu hucheka nikitaja.
Mtaa ulipewa jina kabla sijazaliwa,
mimi nililipokea kama amri.

Nilioga mara mbili. Nikatafuna karafuu,
halafu nikakumbuka ni karafuu hizo hizo
nilizotafuna miaka sita
kabla ya kumsogelea mteja na tepu ya kupimia.
Nikazitema barabarani.

Nilipita pale mara ya kwanza kama mtu anayetafuta mkaa.
Mara ya pili, kama aliyeangusha sarafu.
Mara ya tatu binti mwenye ndoo akaniuliza,
"Mama, unatafuta nini?"
Ulimi ukaniponyoka: "Kikoba."
Akaninyooshea kidole. Basi nikaenda,
maana uongo ukishakuonyesha njia
huwezi kuukana mbele ya mtoto.

Kwa hiyo niko ndani, jamani,
wanawake kumi na watano, sanduku la kufuli tatu,
na mimi natoa elfu moja ya hisa
iliyokuwa ya uzi.
Wakaandika: Nyamizi Kasanda, fundi cherehani. Hisa moja.
Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikaikalia.

Mama aliyeshika daftari aliiona.
Hakuitazama sana. Alitazama kama unavyotazama pindo la gauni
ukajua uzi umekatikia wapi.
Walipofika kwenye mikopo akainama karibu yangu
kama anayeokota kalamu:
"Ni mlango wa pili, dada.
Hata mimi nilianza kwa kukosea huu."

Mlango wa pili: viti vya watoto,
magoti yanafika kidevuni.
Ukutani a, e, i, o, u,
na bata aliyepakwa rangi ya zambarau.
Watu wanane. Nilitarajia walevi.
Nikakuta mwalimu wa hesabu,
kijana wa bodaboda, kofia ngumu mapajani kama bakuli,
na Masanilo wa reli, yule anayegeuza njia
ili ya Mwanza isiende Kigoma.
"Siku mia mbili na tatu," alisema Masanilo.
"Jana nimesimama nje ya kilabu dakika arobaini.
Nilikuwa nanusa tu."
Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyesema pole.
Mwalimu akamsogezea chupa ya chai.

Chai ilikuwa na asali.
Hapo nikakwama.
Mimi asali naijua kwa njia moja:
maji ya vuguvugu, pipa, blanketi, siku tano kwenye joto,
mpaka povu linaanza kunong'ona.
Bibi alinifundisha wanzuki
kabla hajanifundisha kusonga ugali.
Nikanywa. Ilikuwa tamu.
Tamu, basi, haikuwa na la zaidi.
Nililia kwa hilo,
si kwa mume, si kwa cherehani iliyo rehani,
si hata kwa sare ya Shija niliyoishona
mikono miwili ya kushoto
akaivaa hivyo hivyo siku ya mtihani.

Zamu yangu ilipofika nilisema jina.
Lile neno linalofuata jina lilikataa kutoka.
Masanilo akasema, "Litakuja.
Treni ya Mpanda nayo huchelewa."

Nimerudi kwa njia ya sokoni, ndefu,
ina kilabu kimoja tu; nikavuka upande wa pili.
Kwenye daftari la mlango wa kwanza nina hisa moja.
Kwenye la mlango wa pili nina siku,
usiku huu ukiniruhusu, moja.

Ni saa mbili kasoro. Shija amelala na kitabu usoni.
Nimewasha kibatari, nimeshika wembe,
nafumua mkono wa sare.