Kiraka cha Machi

Januari, Tartu. Theluji imefika kwenye kitasa.
Nimeandika maswali saba, nikafuta matatu,
nikarudisha moja, lile nililoliogopa:
Ni nini kilikaribia kukufanya uondoke?
Nikawatumia watu mia moja na kumi na wawili
ambao sijawahi kuwamiminia hata chai,
ingawa mikono yao imo katika kila mstari wa Taru,
programu yetu ya kupima uzito wa mizinga ya nyuki,
huria, haina bosi, haina mshahara.

Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya pili Ahto akauliza, "Wanasemaje?"
Nikamwambia wanafikiri.
Siku ya tatu nikajijibu mwenyewe
nijue kama fomu haijaharibika.

Kisha yakaanza kuja, moja moja,
kama wageni wanaochungulia kabla ya kuvua viatu.
Iolanda wa Coimbra: maelekezo yenu
kaandika mtu anayejua, kwa mtu anayejua.
Shiori wa Niigata kaomba radhi mara nne
ndipo akasema majaribio yanachukua dakika arobaini
naye anazo thelathini, mtoto akilala.
Asiye na jina: "Mko sawa."
Hilo nimelirudia kuliko mengine yote.
Mmoja kaleta matusi, na ndani ya matusi
hitilafu ya kweli, mstari wa mia nne na sita.
Nimeitengeneza. Matusi nimeyaacha yalipo.

Ahto anataka jedwali.
"Wangapi wameridhika, kwa asilimia?"
Ngoja, nikasema,
maana jibu la sabini na moja lilikuwa la Zhivko, Plovdiv:

Machi niliwaletea kiraka,
cha betri zinazokufa kwa baridi.
Mkanijibu Septemba: Asante, tutaangalia.
Kati ya Machi na Septemba nilimzika baba.
Mizinga ilikuwa yake.
Kila usiku nilifungua ukurasa
kuona kama yupo aliyesoma.
Sikutaka sifa. Ningefurahi hata mtu
angeniambia mstari wa kumi una kosa.

Aliyeandika "tutaangalia" ni mimi.
Sisi gani? Nilikuwa peke yangu jikoni,
nangoja viazi viive.

Nikatoka. Nina mzinga mmoja nyuma ya banda la kuni.
Nyuki hawalali wakati wa baridi; hujikusanya donge,
wakatetemesha misuli ya mbawa bila kuruka,
wa nje wakaingia ndani, wa ndani wakatoka nje,
kwa zamu, hakuna anayeandika orodha,
na mzinga ukapungua gramu thelathini kwa siku,
asali ikawa joto.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, wamesema wahenga,
hawakusema tu sikio tuliweke wapi.
Nikalibana kwenye ubao mpaka likafa ganzi.
Upo, mvumo. Mdogo
kama friji ya jirani, ng'ambo ya ukuta.

Saa nane usiku nikafungua kiraka cha Machi.
Mistari mia mbili na kumi na tisa.
Nikaisoma kama ninavyosoma barua ya daktari,
kidole kwenye kioo.
Katikati ya hesabu, kwa herufi ndogo,
kaacha maneno ambayo kompyuta huyaruka:
baba anasema usipime alfajiri, waache kwanza.

Nikaandika:
Zhivko, mstari wa kumi hauna kosa.
Wa sitini na tatu unalo, alama ya kutoa imesahaulika.
Mengine yote nimeyasoma.
Alfajiri hatutapima.

Pole ya baba nikaiandika, nikaifuta,
nikaiandika tena kwa neno moja tu.

Plovdiv na Tartu saa ni ile ile.
Atakuwa amelala, au hakulala.
Viatu vyangu vinatoa maji sakafuni,
jedwali la Ahto liko wazi, safu zote tupu,
nami nafungua ukurasa,
naufunga,
naufungua. Ni zamu yangu.