Tundu la Begani

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi.
Ukungu ulishuka mpaka kwenye bati,
nikaongeza mkaa kwenye pasi,
maana umeme ulikatika tangu jana
na Jumamosi haisubiri umeme.

Cheche moja tu.
Lesi ya Mama Tusajigwe, rangi ya mtindi,
aliyoifuata mwenyewe Tunduma
kwa sherehe ya kumuaga bintiye,
ikatoboka begani. Tundu kama punje ya mahindi.
Likanitazama.

Lugano, kijana wangu wa vifungo, akasema:
"Fundi, tubandike ua. Tuseme ndiyo fasheni."
Nikakata ua. Nikalishikiza kwa pini.
Lilipendeza, na hapo ndipo nilipoogopa.

Miaka ishirini na mbili nimesema "kesho".
Kesho, mama, vimebaki vifungo.
Kesho, mzee, uzi wa rangi hiyo umeadimika hadi Mbeya mjini.
Wateja wameizoea kesho ya fundi
kama walivyouzoea Mlima Rungwe:
upo, hata usipouona.
Lakini tundu halina kesho.

Nikapanda kwenda Makandana, lesi kwapani ndani ya nailoni,
nikipanga maneno.
"Unajua, mama, pasi hizi za siku hizi..."
Nikalitupa mtaroni.
"Unajua, mama, umeme wetu huu..."
Nalo likaenda na maji.
Nilipofika mlangoni lilibaki fupi:

"Nimeichoma lesi yako. Mimi. Hapa."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.
Alipenyeza kidole kwenye tundu,
kikatokea upande wa pili,
akakitazama kana kwamba si chake.
Ndipo akasema. Akasema mengi,
mpaka marehemu baba yangu akatajwa,
mpaka chai aliyonimiminia ikaganda utando.
Sikumwambia "tulia, mama".
Aliyeunguliwa haambiwi moto ulikuwa mdogo.

Alipochoka, niliweka mezani elfu tisini,
bei ya kitambaa, na ua pembeni yake.
"Hili uamue wewe. Nisingelishona kwa siri."

Hela alizihesabu mara mbili.
Ua akalisukuma kwangu kwa ncha ya kucha.

Jumamosi nilisikia matarumbeta yakipita barabarani.
Alivaa nini, sijui. Sikualikwa.

Jana, mvua ileile, mtoto kasimama mlangoni
na sketi ya shule iliyofumuka zipu.
"Bibi anasema uishone leo leo.
Na pasi, anasema,
pasi usiiguse."