Msasa

Siwema amenifungulia kompyuta ya mkopo
chumbani kwake Tabata, feni ikikwangua hewa.
"Mjomba, anza na hili boksi."
Boksi la kijivu, limeelea katikati ya utupu.
Nikalizungusha. Halina chini. Halina vumbi.
Lina ncha nane, kingo kumi na mbili, nyuso sita;
nimehesabu mara mbili, nikiogopa kupunjwa.

"Shika ncha, vuta." Nikavuta.
Likawa kama boneti iliyogonga nguzo.
Akacheka. Mimi nikarudi Gerezani,
miaka ishirini na sita nikinyoosha bati kwa nyundo,
nikipaka puti, nikipiga msasa wa maji
hadi kiganja, si jicho, kiseme basi,
hadi kifua nacho kikasema basi
na daktari akanikataza harufu ya thina.

Humu hakuna thina.
Kuna kijiti cha kusogeza: sifuri, kioo; moja, chokaa.
Siwema anakiita ukwaruzo. Mimi nakiita msasa.
Kingine ni cha chuma: ama chuma, ama si chuma,
"usijidanganye katikati."
Nikasogeza. Nyekundu ikakaa juu ya boneti
kama ndoo ya plastiki ya Kariakoo.
"Mbona haing'ai?"
"Inang'aa, Mjomba. Haina cha kuonyesha.
Hujaweka dunia."

Maneno hayo nimelala nayo.

Kesho yake tukaiweka: taa moja pembeni,
picha ya anga, nyaya za umeme, ukuta wa jirani.
Boneti ikameza vyote, ikavirudisha vimepinda,
na mimi, niliyezoea kujiona kwenye gari la mteja
nimefunga kitambaa puani,
nikajitafuta mle. Simo.

Nikaomba mchubuko. Mmoja tu, karibu na taa ya kushoto,
pale bodaboda wanapopitisha usukani.
Akaniwekea picha ya kutu, na ya vumbi la kiangazi;
nikapunguza, nikaongeza, nikafumba macho,
nikapapasa meza.
"Mjomba, unafanya nini?"
Nasikiliza.

Mashine ikaanza kuchora, kipande kwa kipande,
asilimia sitini, sitini na moja,
luku ikalia, kisha giza, feni ikashusha pumzi.
Siwema akatafuta simu anunue uniti.
Nikabaki na mkono juu ya kioo chenye joto:
laini, laini kabisa, namba elfu mbili,
na hapa pembeni, chini ya kidole gumba,
mchubuko ambao hatukuuweka.